Mwongozo Kamili: Kutupa Kivuli cha Umbo kwenye Mstari na kwenye Bapa kwa Octave

Wanafunzi wengi wa uhandisi, upimaji ardhi na hisabati hapa Dar es Salaam wanakwama mahali pale pale. Pembetatu imechorwa vizuri, mstari upo, lakini kivuli kimetua pasipo pake, au kimetua sawa ila kwenye skrini kinaonekana kimepinda. Kanuni wameinakili bila kosa kutoka kwenye daftari. Wanairudia, wanapata jibu lile lile, mwisho wanailaumu programu.

Programu haina hatia. Karibu kila mara tatizo ni moja kati ya haya matatu: mstari au bapa (uso tambarare) halipiti kwenye nukta (0, 0), au (0, 0, 0) kwenye pande tatu, na mtu kalisahau hilo, vekta ya mwelekeo haikupunguzwa iwe na urefu wa 1, au mihimili ya grafu haina kipimo kimoja. Mwongozo huu unapita kwenye kila moja kwa zamu, na kila hatua ina namna ya kuhakiki kwa namba. Naisisitiza hiyo kwa sababu jicho hudanganyika kirahisi mbele ya picha ya pande tatu.

Projeksheni tunayoizungumzia ni ile ya pembe mraba: kutoka kila nukta ya umbo unashusha mstari unaokutana na mstari lengwa, au bapa lengwa, kwa nyuzi 90. Pale unapotua ndipo kilipo kivuli cha nukta hiyo. Kivuli cha mshazari kina hatua yake kuelekea mwisho.

## Unachohitaji

Kompyuta ya kawaida. Laptopu yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa kwa kazi hii.

GNU Octave. Ni programu ya bure ya kukokotoa matriksi na kuchora grafu, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Faili la kusakinisha kwenye Windows lina mamia ya megabaiti, kwa hiyo lipakue kwenye Wi-Fi ya chuo badala ya kumaliza bando la simu. Ukishaisakinisha haihitaji intaneti. Mwenye MATLAB ya R2016b au mpya zaidi atumie kodi hizi hizi, akibadili amri moja tu iliyotajwa kwenye Hatua ya 6.

Karatasi, kalamu na kikokotoo. Utakokotoa nukta moja kwa mkono kabla ya kuiamini kompyuta.

Ujuzi wa kuzidisha matriksi na zao la nukta la vekta mbili. Kama hapo pamekutoka, rudia kwanza. Dakika chache za marudio zitakuokolea jioni nzima.

## Hatua ya 1: Fungua faili, usiandike kwenye dirisha la amri

Fungua kihariri ndani ya Octave, anza faili jipya, lihifadhi kwa jina `kivuli_mstari.m`. Kuliendesha, bonyeza F5.

Sababu ni mbili. Ukikosea mstari mmoja unaurekebisha huo tu, huandiki upya kila kitu. Na umeme ukikatika, kilichoko kwenye faili lililohifadhiwa kinabaki.

Tahadhari: usilipe faili lako jina la amri iliyopo tayari, kama `plot.m` au `fill.m`. Octave italiita faili lako kila unapotaka kuchora, na ujumbe wa kosa utakaoupata hautakuelekeza kwenye chanzo. Pia jina lisianze na namba wala lisiwe na nafasi au kistari cha kati.

Juu kabisa ya faili weka:

```
close all, clear, clc
```

Mstari huu unafuta vigezo vya mara iliyopita, ili usije ukapata jibu zuri lililotokana na namba za jana.

## Hatua ya 2: Andika umbo kama matriksi, nukta moja safu wima moja

Tuanze na pembetatu yenye ncha A(1, 3), B(4, 4) na C(2, 6):

```
T = [1 4 2;
     3 4 6];
```

Safu mlalo ya kwanza ni x zote, ya pili ni y zote. Kila safu wima ni ncha moja. Shikilia mpangilio huu mwanzo hadi mwisho. Wengi wanaandika umbo moja kwa safu wima na jingine kwa safu mlalo, halafu Octave inawaambia `nonconformant arguments`. Maana yake ni kwamba vipimo vya matriksi mbili havioani. Ukiuona ujumbe huo, andika `size(T)` na `size` ya kila kigezo kilichomo kwenye mstari uliogoma. Mkosaji ataonekana mara moja.

Umefaulu kama `size(T)` inakupa 2 na 3.

## Hatua ya 3: Andika mstari kwa nukta na mwelekeo

Kwa kazi hii usiuandike mstari kama y = mx + c. Uandike kwa vitu viwili: nukta moja iliyo juu yake, na vekta inayofuata mwelekeo wake.

```
p0 = [1; 0];
d  = [4; 3];
u  = d / norm(d);
```

Ukipewa mlinganyo wa y = mx + c, ubadilishe hivi: `d = [1; m]` na `p0 = [0; c]`. Mstari uliosimama wima, x = k, hauna mteremko wa kuandika, lakini kwa njia hii hausumbui hata kidogo: `d = [0; 1]` na `p0 = [k; 0]`. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuuacha ule mlinganyo.

Mstari wa tatu wa kodi ndio unaorukwa na wengi. `norm(d)` ni urefu wa d, hapa ni 5, kwa hiyo u ni (0.8, 0.6). Ukiuruka na kutumia d moja kwa moja, kivuli kitakuwa kwenye mstari sahihi lakini mahali pasipo pake, kikiwa kimesukumwa mbele mara 25, yaani mraba wa urefu wa d. Kosa hili ni baya kwa sababu picha haishtui: nukta zote bado ziko juu ya mstari.

Umefaulu kama `norm(u)` inatoa 1.

## Hatua ya 4: Tupa kivuli

```
t = u' * (T - p0);
K = p0 + u * t;
```

Mistari miwili tu, lakini kila alama ina kazi yake.

`T - p0` inahamisha umbo lote ili nukta ya mstari ikae kwenye (0, 0). Octave yenyewe inaitoa p0 kwenye kila safu wima. `u' *` inapiga zao la nukta, kwa hiyo t ni umbali wa kila kivuli kutoka p0 ukiufuata mstari. `u * t` inarudisha umbali huo kuwa vekta. Kisha `p0 +` inarejesha kila kitu mahali pake halisi. Ukitoa p0 mwanzoni usisahau kuirudisha mwishoni, vinakwenda pamoja.

Sasa chukua kalamu. Kwa ncha A: (1, 3) kutoa (1, 0) ni (0, 3). Zidisha na (0.8, 0.6), unapata 1.8. Kivuli ni (1, 0) + 1.8 × (0.8, 0.6) = (2.44, 1.08). Kwa ncha zote tatu Octave ikupe:

```
t =  1.8   4.8   4.4
K =  2.44  4.84  4.52
     1.08  2.88  2.64
```

Hapo t peke yake ina habari nzuri. Kivuli cha pembetatu nzima ni kipande cha mstari kuanzia 1.8 hadi 4.8, yaani urefu wa 3, na kivuli cha C kimeangukia kati ya vivuli vya A na B. Kwa umbo lolote lisilo na mashimo wala mapengo, urefu wa kivuli chake kwenye mstari ni `max(t) - min(t)`.

### Kwa nini p0 haisamehewi

Mfano wa pembetatu ni mpole. Ukisahau p0 kivuli kinahama kidogo tu na unaweza usigundue. Kwenye kazi za upimaji mambo ni mengine. Majiranukta ya Dar kwenye UTM (mfumo wa ramani unaopima kwa mita) kanda ya 37 Kusini ni namba kubwa: mashariki laki tano na kitu, kaskazini zaidi ya milioni tisa.

Tuseme mstari wa katikati ya barabara unapita kwenye (529000, 9248000) ukielekea (3, 4), na nguzo iko (529050, 9248025). Ni namba za mfano, lakini ukubwa wake ni wa hapa hapa mjini.

Ukitoa p0 kwanza unabaki na (50, 25). Zao la nukta na (0.6, 0.8) ni 50. Kivuli cha nguzo ni (529030, 9248040), na umbali wa nguzo hadi katikati ya barabara ni mita 25 kamili.

Ukisahau p0 unapata (4629510, 6172680). Hapo nguzo imehamia maelfu ya kilomita kusini-mashariki, katikati ya Bahari ya Hindi.

Kwa namba za ukubwa huu weka pia `format long g` juu ya faili. Bila hiyo Octave inaonyesha tarakimu chache tu, na mita zako zote zinapotea kwenye maonyesho ingawa ndani ya kompyuta bado zipo.

## Hatua ya 5: Hakiki kabla ya kuchora

```
u' * (T - K)
```

Mstari huu unauliza: je, nyuzi zinazotoka kwenye ncha hadi kwenye vivuli zimekutana na mstari kwa pembe mraba? Zao la nukta la vekta mbili zenye nyuzi 90 kati yake ni sifuri, kwa hiyo jibu lote liwe sifuri.

Utaona huenda kitu kama `-2.2204e-16`. Hiyo ni sifuri. Kompyuta inahifadhi desimali kwa nafasi chache, na mabaki ya ukubwa huo hayaepukiki. Usianze kutafuta kosa. Ukiona 0.3 au 12, hapo ndipo pa kutafuta.

Usiiruke hatua hii hata picha ikipendeza.

## Hatua ya 6: Chora, na ulinganishe mihimili

```
figure(1), clf, hold on
fill(T(1,:), T(2,:), [0.7 0.85 1])
M = p0 + u * [-1 7];
plot(M(1,:), M(2,:), 'k')
for i = 1:columns(T)
  plot([T(1,i) K(1,i)], [T(2,i) K(2,i)], 'r--')
end
plot(K(1,:), K(2,:), 'ro-', 'linewidth', 3)
grid on
axis equal
```

Kwenye MATLAB andika `size(T,2)` badala ya `columns(T)`. Hiyo ndiyo tofauti pekee ya kodi utakayokutana nayo.

Mstari wa mwisho, `axis equal`, ndio unaotenganisha picha ya kweli na picha ya uongo. Bila huo, Octave inanyoosha mhimili mmoja ili grafu ijae kwenye dirisha. Uniti moja ya x inakuwa ndefu kuliko uniti moja ya y, na pembe ya nyuzi 90 inaonekana kama 70 au 110. Hesabu zako ni sahihi, lakini mwenye kuitazama picha atasema umekosea, na hutakuwa na cha kumjibu.

Umefaulu kama nyuzi nyekundu za vidotidoti zote ziko sambamba, zote zinaukata mstari mweusi kwa pembe mraba, na kipande kinene chekundu kimelala juu ya mstari bila kutoka nje yake.

## Hatua ya 7: Hamia kwenye bapa

Habari njema kwanza: kutupa kivuli cha umbo la pande tatu kwenye *mstari* hakuhitaji kodi mpya. Ongeza safu mlalo ya tatu kwenye T, p0 na d, basi. Mistari ya Hatua ya 4 inabaki ilivyo.

Kwa bapa, wazo linageuka. Badala ya kutafuta sehemu ya vekta inayofuata mstari, tunatafuta sehemu inayotoka nje ya bapa, tunaiondoa, na kinachobaki ndicho kivuli.

Fungua faili jipya, `kivuli_bapa.m`. Umbo letu ni piramidi yenye kitako cha mraba:

```
close all, clear, clc
V = [0 2 2 0 1;
     0 0 2 2 1;
     4 4 4 4 7];
E = [1 2; 2 3; 3 4; 4 1; 1 5; 2 5; 3 5; 4 5];
```

V ina ncha tano. E inasema ncha ipi inaungana na ipi, ili tuweze kuchora kingo nane.

Bapa tunalipa nukta moja iliyo juu yake na vekta iliyosimama wima kwake:

```
q = [0; 0; 1];
n = [1; 2; 2];
w = n / norm(n);
h = w' * (V - q);
K = V - w * h;
```

Hili ni bapa la x + 2y + 2z = 2. Ukipewa mlinganyo wowote wa ax + by + cz = k, basi `n = [a; b; c]` na `q = n * k / (n' * n)`. Ukipewa nukta tatu P, Q na R zilizo juu ya bapa, `n = cross(Q - P, R - P)` na q ni P. Angalia tu nukta hizo tatu zisiwe kwenye mstari mmoja, kwa sababu n itakuwa sifuri na kugawanya kwa `norm(n)` kutakupa `NaN` kila mahali.

h ni kimo cha kila ncha juu ya bapa. Hapa iwe 2, 2.6667, 4, 3.3333 na 5. Ile 5 ni ya kilele. Ithibitishe kwa mkono: (1, 1, 7) kutoa (0, 0, 1) ni (1, 1, 6), mara (1, 2, 2) ni 15, gawanya kwa 3.

h ikiwa na alama ya kutoa, usiogope. Ncha hiyo iko upande wa pili wa bapa, na kivuli chake kinatoka sawa vile vile.

Uhakiki wa bapa una sehemu mbili:

```
w' * (K - q)
cross(V - K, w * ones(1,5))
```

Ya kwanza inathibitisha kwamba vivuli vyote viko juu ya bapa. Ya pili inathibitisha kwamba kila uzi unakwenda sambamba na w. Zote zitoe sifuri au mabaki ya e-16. Ya kwanza peke yake haitoshi. Hata kivuli cha mshazari kinaifaulu.

## Hatua ya 8: Chora bapa na kivuli chake

```
B = null(w');
C = mean(K,2) + B * [-4 4 4 -4; -4 -4 4 4];
figure(1), clf, hold on
patch(C(1,:), C(2,:), C(3,:), [0.9 0.9 0.7], 'facealpha', 0.4)
for i = 1:8
  e = E(i,:);
  plot3(V(1,e), V(2,e), V(3,e), 'b', 'linewidth', 2)
  plot3(K(1,e), K(2,e), K(3,e), 'r', 'linewidth', 2)
end
for i = 1:5
  plot3([V(1,i) K(1,i)], [V(2,i) K(2,i)], [V(3,i) K(3,i)], 'k--')
end
axis equal, grid on
view(3), rotate3d on
```

`null(w')` inakupa vekta mbili zilizolala ndani ya bapa, kila moja yenye urefu wa 1, zikiwa na nyuzi 90 kati yao. Kwa hizo tunachora kipande cha bapa, na kitovu chake tunakiweka katikati ya vivuli ili bapa lisije likachorwa mbali na kivuli chenyewe.

Usiiache `view(3)`. Ukiandika `hold on` kabla ya `plot3`, grafu inabaki na mtazamo wa pande mbili, kana kwamba unaitazama kutoka juu moja kwa moja. Piramidi inaonekana kama mraba wenye alama ya X, na watu hudhani data zao zimeharibika.

Sasa zungusha picha kwa kipanya. Tafuta pembe ambayo bapa linaonekana kama mstari mwembamba, yaani unalitazama kwa ubavu. Hapo kingo zote nyekundu ziwe zimejificha ndani ya mstari huo, na nyuzi nyeusi ziukate kwa pembe mraba. Ukifika hapo, kivuli chako kimekaa.

### Kukiona kivuli kwa umbo lake halisi

Ndani ya picha ya pande tatu hauoni umbo halisi la kivuli, kwa kuwa bapa lenyewe limeinama. Kilaze kwenye karatasi:

```
G = B' * (K - q);
figure(2), clf, hold on
for i = 1:8
  e = E(i,:);
  plot(G(1,e), G(2,e), 'r', 'linewidth', 2)
end
axis equal
polyarea(G(1,1:4), G(2,1:4))
```

Jibu la mwisho liwe 2.6667. Kitako cha piramidi kina eneo la 4 na kimelala mlalo. Kosaini ya pembe kati yake na bapa letu ni 2/3. Na 4 × 2/3 ni 2.6667. Huu ndio uhakiki ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu unaitumia njia tofauti kabisa na ile iliyotengeneza kivuli. Kosa lililojificha kwenye w au K litajitokeza hapa.

Picha hii inaweza kutoka imegeuzwa kama kwenye kioo, au imezungushwa, ukiilinganisha na ya mwenzako. `null` haiahidi ni vekta zipi mbili itakupa, na kivuli ni kile kile.

## Hatua ya 9: Maumbo yasiyo na ncha

Duara halina ncha za kuandika, kwa hiyo tunalichukulia kama nukta nyingi zilizosongamana:

```
th = linspace(0, 2*pi, 400);
c  = [1; 1; 6];
D  = c + 2 * [cos(th); sin(th); 0*th];
KD = D - w * (w' * (D - q));
figure(1)
plot3(KD(1,:), KD(2,:), KD(3,:), 'm', 'linewidth', 2)
r = sqrt(sum((B' * (D - c)).^2));
[max(r) min(r)]
```

Kivuli cha duara ni duaradufu. Nusukipenyo cha duara letu ni 2, kwa hiyo nusu ya upande mrefu wa kivuli ibaki karibu 2, na nusu ya upande mfupi ishuke hadi karibu 1.333. Ni ile ile kosaini ya 2/3 inafanya kazi.

Kwa tufe, nyoosha matriksi tatu za `sphere` ziwe safu mlalo, tupa kivuli, kisha zirudishe umbo:

```
[X, Y, Z] = sphere(40);
S  = [X(:)'; Y(:)'; Z(:)'] + c;
KS = S - w * (w' * (S - q));
m  = size(X);
mesh(reshape(KS(1,:), m), reshape(KS(2,:), m), reshape(KS(3,:), m))
```

Kivuli cha pembe mraba cha tufe ni duara lililojaa, lenye nusukipenyo kile kile cha tufe, bapa liiname litakavyo.

## Hatua ya 10: Mwanga ukija kwa mshazari

Kivuli cha jua si cha pembe mraba isipokuwa kwa nadra. Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita juu ya utosi mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kuelekea katikati ya Oktoba. Siku hizo, muda mfupi baada ya saa sita mchana, nguzo iliyosimama wima haina kivuli. Saa nyingine zote unahitaji kanuni hii, ambamo r ni mwelekeo wa mwanga:

```
w = [0; 0; 1];  q = [0; 0; 0];
r = [1; 0; -1];
K = V - r * ((w' * (V - q)) / (w' * r));
```

Hapa bapa ni ardhi, x inaelekea mashariki, na jua la alasiri liko magharibi kwa nyuzi 45 juu ya upeo. Kilele (1, 1, 7) kinatupa kivuli (8, 1, 0): kimekwenda mashariki uniti 7, sawa na kimo chake, kama inavyopaswa kwa nyuzi 45.

`w' * r` isiwe sifuri. Ikiwa sifuri, mwanga unakwenda sambamba na bapa na hautalifikia kamwe. Octave itakujibu `Inf` au `NaN`.

Hakiki kwa `w' * (K - q)`, na kwa `cross` ya V − K na r badala ya w. Ukiweka `r = w`, kanuni hii inarudi kuwa ile ya Hatua ya 7, na K zitoke sawa kabisa. Jaribu hilo pia kwa bapa lililoinama.

## Hatua ya 11: Hifadhi picha kwa ajili ya ripoti

```
print('kivuli.png', '-dpng', '-r200')
```

Usipige picha skrini kwa simu. Mistari myembamba inapotea. Amri hii inahifadhi dirisha la grafu lililo hai, kwa hiyo andika `figure(1)` au `figure(2)` kwanza kulingana na unayoitaka, na uizungushe vizuri kabla ya kuhifadhi.

Ripoti nyingi zinachapwa steshenari kwa nyeusi na nyeupe, na hapo nyekundu na bluu zote zinakuwa kijivu kimoja. Kabla ya kuhifadhi, tofautisha kwa aina ya mstari: umbo kwa mstari mwembamba usiokatika, kivuli kwa mstari wenye `'linewidth', 4`, nyuzi kwa vidotidoti. Weka pia herufi kwenye ncha, kwa mfano `text(V(1,5), V(2,5), V(3,5), '  E')` na kwenye kivuli chake `text(K(1,5), K(2,5), K(3,5), '  E1')`, ili msahihishaji aweze kuifuata nukta moja kutoka kwenye umbo hadi inapotua.